Wana 12 wa Yakobo: kabila ni nini katika Biblia?



Neno "kabila" tunalisikia kila siku, na katika sehemu zetu za nchi limekuwa neno zito. Tunalisikia pia kanisani. Masomo ya Misa yanatutajia kabila la Yuda, kabila la Benyamini, kabila la Lawi, nasi tunayapokea majina hayo kwa maana tuliyoizoea nyumbani: watu wa damu moja, waliozaliwa na babu mmoja, wenye ardhi yao na mipaka yao. Kitabu cha Mwanzo chaonekana kutukubalia. Yakobo alizaa wana 12, kila mwana akawa kabila, na makabila 12 yakawa Israeli. Ni jambo jepesi. Hata watoto wa katekisimu hulikariri bila kukosea.

Kutokana na wepesi huo, wako wanaokwenda mbali zaidi. Husema: tazameni, Mungu mwenyewe aliwapanga watu kwa damu, kila kabila lina baba yake na nchi yake, asiyekuwamo katika orodha ni mgeni, na mgeni arudi kwao. Hoja hiyo tumeisikia ikitolewa na watu wanaosali pamoja nasi, Biblia ikiwa mkononi. Haifai kupuuzwa, kwa sababu katika eneo letu la Maziwa Makuu maneno ya namna hiyo hayakubaki maneno. Ndiyo maana tumeona vema kuyauliza Maandiko yenyewe, na pamoja nayo wale waliochimba udongo wa nchi ile, makabila ya Israeli yalitokea wapi.

Tuanze na maneno. Kiebrania cha Biblia kina maneno mawili yanayofasiriwa "kabila", nayo ni shevet na matteh. Maana ya kawaida ya yote mawili ni fimbo: fimbo ya mchungaji, fimbo ya mzee, fimbo ya mtawala. Katika Hesabu 17 maana hizo mbili zinakutana waziwazi, Musa anapopokea fimbo moja kwa kila kabila na kuandika juu yake jina la mkuu wake, na ile ya Haruni ikachipua. Wafasiri wetu wa Kiswahili walichukua neno "kabila", lililotoka katika Kiarabu, wala hatuwalaumu, maana hapakuwa na lingine lililo bora. Lakini masikioni mwetu neno hilo linaleta kwanza habari ya damu, ilhali lile la Kiebrania linaleta picha ya watu wanaofuata fimbo moja.

Chini ya kabila palikuwa na mishpaha, yaani ukoo, na chini ya ukoo palikuwa na bet av, nyumba ya baba. Ngazi hizo zaonekana vizuri katika Yoshua 7, pale Akani anapotafutwa kwa kura: kwanza kabila la Yuda, kisha ukoo wa Zera, kisha nyumba ya Zabdi, mwisho mtu mwenyewe. Maisha ya kila siku ya Mwisraeli yalikuwa katika ngazi mbili za chini. Huko alipata shamba, mke, kaburi, na ndugu wa kumkomboa akiuzwa kwa deni. Kabila lilikuwa jambo la mbali kidogo, lililoitwa hasa wakati wa vita.

Sasa tuzitazame orodha. Mwanzo 29 na 30 zinasimulia kuzaliwa kwa wana kwa mama wanne. Lea alizaa Rubeni, Simeoni, Lawi, Yuda, Isakari na Zabuloni. Raheli alizaa Yosefu, na baadaye Benyamini. Bilha, mjakazi wa Raheli, alizaa Dani na Naftali. Zilpa, mjakazi wa Lea, alizaa Gadi na Asheri. Ukichukua ramani utaona jambo la kushangaza. Wana wa wajakazi ndio wanaokaa pembeni: Asheri, Naftali na Dani upande wa kaskazini, Gadi ng'ambo ya Yordani. Wana wa Raheli, mke aliyependwa, wamekaa katikati, juu ya milima ya Efraimu. Hadhi ya mama na mahali pa kabila vinakwenda pamoja, kana kwamba aliyeipanga nasaba alikuwa akiitazama nchi.

Kisha orodha zenyewe hazilingani. Katika Hesabu 1 Lawi ameondolewa kwa kuwa hana ardhi wala hahesabiwi kwa vita, na ili 12 zisipungue, Yosefu amegawanywa kuwa wawili, Efraimu na Manase. Katika baraka ya Musa, Kumbukumbu la Sheria 33, Simeoni hatajwi kabisa. Na tukisoma Yoshua 19 tunaelewa sababu, maana miji yake imo ndani ya urithi wa Yuda. Kabila lilikuwa limemezwa na jirani yake. Katika Ufunuo 7 Dani hayumo, ila Manase na Yosefu wametajwa wote wawili. Hesabu ya 12 inalindwa kwa bidii. Majina yanayoijaza hubadilika. Tena 12 si ya Israeli peke yake: Ishmaeli naye ana wana 12 katika Mwanzo 25, na Nahori, ndugu yake Abrahamu, ana 12 katika Mwanzo 22, wanane wa mke na wanne wa suria.

Mahali panapotufaa kusimama kwa muda mrefu ni wimbo wa Debora, Waamuzi 5. Wataalamu wengi wanauhesabu miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Biblia. Debora anawasifu waliokuja vitani na kuwalaumu waliobaki nyumbani, kwa hiyo ana sababu ya kumtaja kila mmoja. Anawataja kumi tu: Efraimu, Benyamini, Makiri, Zabuloni, Isakari, Naftali waliokuja; Rubeni, Gileadi, Dani, Asheri ambao hawakuja. Rubeni alibaki zizini akisikiliza filimbi za wachungaji, Dani alikuwa kwenye merikebu, Asheri ufukweni. Tunaona pia Makiri mahali tunapomtazamia Manase, na Gileadi mahali tunapomtazamia Gadi. Simeoni na Lawi hawamo. Na Yuda, kabila la Daudi, kabila alimotoka Bwana wetu? Hasifiwi wala halaumiwi. Ni kana kwamba siku ile hakuna aliyefikiri kwamba Yuda anapaswa kuitwa.

Mwaka 1930 mtaalamu Mjerumani Martin Noth alitoa kitabu kuhusu mfumo wa makabila hayo. Alidhani Israeli kabla ya wafalme ilikuwa shirikisho la makabila 12 yaliyolihudumia hekalu moja kwa zamu, kama miji ya Kigiriki ilivyolitunza hekalu la Delfi. Nadharia hiyo ilitawala vyuo kwa miaka arubaini hivi. Aliyekuwa mmoja wa waliosaidia kuiangusha ni padre wetu Mdominiko, Roland de Vaux, wa shule ya Biblia ya Yerusalemu iliyoanzishwa na Padre Marie-Joseph Lagrange mwaka 1890. De Vaux alionyesha kwamba kitabu cha Waamuzi hakituonyeshi baraza la namna hiyo: kila mwamuzi anaongoza kabila moja au machache, na mara nyingi makabila yanagombana. Sisi tunaona de Vaux alikuwa na haki. Umoja wa 12 ulikuja polepole, na huenda ni wafalme waliouhitaji zaidi kuliko wazee wa vijijini.

Tunaulizwa mara moja: basi nasaba za Mwanzo ni uongo? Hapa bara letu lina neno la kusema, na inatupendeza kwamba wataalamu wa Biblia walikuja kulisikiliza. Huko Gonja, kaskazini mwa Ghana, maofisa Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20 waliandika habari za mwanzilishi wa ufalme, Ndewura Jakpa. Waliambiwa alikuwa na wana saba, na kila mwana alitawala jimbo moja. Baadaye majimbo mawili yalipotea, moja kwa kubadilishwa mipaka na jingine kwa kuunganishwa na jirani. Miaka 60 baada ya maandishi yale, Jack Goody na wenzake walipouliza tena, Jakpa alikuwa na wana watano. Hakuna aliyedanganya. Kwa wazee wale, kusema "Jakpa alizaa wana watano" ilikuwa namna ya kusema "majimbo yetu ni matano, nasi tu ndugu".

Kwa Wativ wa Nigeria Laura Bohannan alikuta jambo kama hilo. Serikali ya kikoloni iliandika nasaba zao ili zitumike mahakamani. Baada ya miaka arubaini hivi wazee walizikataa karatasi zile, wakisema ziliandikwa vibaya. Karatasi ilikuwa imebaki pale pale, lakini mahusiano ya watu yalikuwa yamesogea, na nasaba ikasogea pamoja nayo. Abraham Malamat mwaka 1973, na Robert Wilson katika kitabu chake cha mwaka 1977, walilinganisha habari za namna hii za Afrika na nasaba za Biblia, na tangu hapo ni vigumu kuisoma Mwanzo 29 kama cheti cha kuzaliwa. Sisi ambao babu zetu walikaa barazani wakipatanisha koo mbili kwa kutafuta bibi wa pamoja, hatukupaswa kungoja maprofesa watuambie.

Udongo nao umetoa ushahidi ambao watu wachache wanaujua. Katika Hesabu 26 na 27 tunasoma juu ya binti watano wa Selofehadi, wa kabila la Manase, waliodai urithi kwa kuwa baba yao hakuacha mwana: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Mwaka 1910 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Harvard walipata huko Samaria vigae vilivyoandikwa kwa wino, vya karne ya 8 K.K., hesabu za mvinyo na mafuta yaliyoletwa mjini. Vigae hivyo vinataja mahali bidhaa zilikotoka, na miongoni mwa wilaya hizo zimo Noa na Hogla. Zimo pia Abiezeri, Heleki, Shekemu na Shemida, ambao Hesabu 26 inawaita wana wa Gileadi, mwana wa Makiri, mwana wa Manase. Gileadi ni nchi ya milima. Shekemu ni mji. Tirsa ni mji, uliokuwa makao ya wafalme kabla ya Samaria kujengwa. Wasichana wale waliosimama mbele ya Musa kudai ardhi wana majina ya ardhi yenyewe. Kisa chao hakipotezi uzito kwa hiyo: kinahifadhi haki ya wilaya zile kuhesabiwa ndani ya Manase, na haki ya binti kurithi, ambayo katika vijiji vyetu bado inapiganiwa.

Rubeni ni habari ya kusikitisha zaidi. Yeye ni mzaliwa wa kwanza, na mzaliwa wa kwanza haandikwi hivyo kama hakuwahi kuwa mkubwa. Mwanzo 49 inamnyang'anya ukubwa kwa sababu ya kosa lake na Bilha. Kumbukumbu la Sheria 33 inamwombea tu asife. Mwaka 1868 huko Dhiban, ng'ambo ya Yordani, lilionekana jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu wa karne ya 9 K.K. Mesha anajisifu kwa kuwashinda Waisraeli, naye anasema kwamba watu wa Gadi walikaa nchi ya Ataroti tangu zamani. Dhiban, ambayo ni Diboni ya Biblia, Yoshua 13 inaihesabu katika urithi wa Rubeni. Mesha hamtaji Rubeni hata mara moja. Kabila la kaka mkubwa lilikuwa limekwisha kufifia, na Biblia ikalihifadhi jina lake juu ya orodha kama familia inavyoacha kiti cha marehemu.

Tukija kwa Yuda, mchanganyiko unaonekana wazi kabisa. Kalebu, shujaa wa Yuda aliyepewa Hebroni, anaitwa Mkenizi katika Hesabu 32 na Yoshua 14. Na Kenazi, katika Mwanzo 36, ni mjukuu wa Esau, baba wa Waedomu. Yerahmeeli, katika 1 Samweli 27, ni watu wa kusini wanaotajwa mbali na Yuda, pamoja na Wakeni, jamaa ya mkwe wa Musa. Lakini fungua 1 Mambo ya Nyakati 2: Kalebu na Yerahmeeli wote wawili ni wana wa Hesroni, mjukuu wa Yuda! Wageni waliokaa, wakapigana pamoja, wakaoana, wakamwabudu Mungu mmoja, mwishowe waliandikwa kuwa wana. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati, ambaye wengi humwona mtu wa orodha tu, hakuona aibu. Ongeza kundi la watu mchanganyiko waliotoka Misri pamoja na Israeli, Kutoka 12. Ongeza Wagibeoni, na Rahabu wa Yeriko, na Ruta Mmoabu aliye nyanya wa Yese. Nabii Ezekieli, katika sura ya 16, anauambia mji wa Yerusalemu usoni kwamba asili yake ni Kanaani, baba yake Mwamori na mama yake Mhiti. Aliyasema hayo kwa kukemea, ni kweli, lakini alijua wasikilizaji wake hawawezi kukana.

Na wachimbaji wa mambo ya kale wanasemaje? Jina la Israeli nje ya Biblia linaonekana kwanza katika jiwe la Farao Merneptah, lililogunduliwa na Flinders Petrie huko Thebes mwaka 1896. Jiwe ni la mwaka 1208 K.K. hivi. Farao anataja miji aliyoishinda, Ashkeloni, Gezeri na Yanoamu, na kila jina lina alama inayoonyesha nchi au mji. Jina Israeli lina alama ya watu: mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo wakati ule walikuwapo watu Kanaani walioitwa Israeli, ambao mwandishi Mmisri hakuwaona kama mji wala ufalme.

Wakati huo huo, kati ya mwaka 1200 na 1000 K.K. hivi, milima ya katikati ambayo ilikuwa karibu tupu ilijaa vijiji vidogo, zaidi ya 200. Israel Finkelstein alivieleza katika kitabu chake cha mwaka 1988. Havina kuta wala majumba ya wakubwa, nyumba zinafanana, mna visima vya kuhifadhi maji ya mvua, mitungi mikubwa ya nafaka, matuta yaliyojengwa mlimani, na mifupa ya nguruwe ni haba sana. Lakini vyungu vyao vimefinyangwa kwa namna ya Wakanaani. Haionekani kwamba walioingia humo walitoka mbali wakiwa na utamaduni mgeni kabisa.

Maelezo yametolewa mengi. Albrecht Alt, mwaka 1925, alisema wachungaji waliingia polepole kwa amani. William Albright wa Marekani alitetea vita vya Yoshua, na ni kweli kwamba Hasori uliteketea katika karne ya 13. Lakini Kathleen Kenyon, aliyechimba Yeriko mwaka 1952 hadi 1958, alikuta mji wenye kuta ulikuwa umeharibiwa karne kadhaa kabla, na et-Tell, panapodhaniwa kuwa Ai, palikuwa patupu tangu zamani sana. George Mendenhall mwaka 1962, na baada yake Norman Gottwald mwaka 1979, walisema Israeli walikuwa wakulima wa Kanaani walioasi mabwana wao wa mijini. Nadharia hii iliwavuta wengi waliopenda teolojia ya ukombozi, nasi tunaelewa mvuto wake, ila ushahidi wa maasi yenyewe ni mwembamba. Wengi leo wanaona mkutano wa makundi mbalimbali: wakulima waliokimbia mabondeni, wachungaji waliotulia, watu wa kusini waliolijua jina la Bwana, na kundi, labda si kubwa, lililobeba kumbukumbu ya utumwa wa Misri na kuwapa wengine wote. Kwa jinsi tunavyoona, Waamuzi 1, inayohesabu miji ambayo Israeli haikuiweza, inakaa vema na picha hiyo kuliko Yoshua 10.

Wapo Wakatoliki wanaoogopa mazungumzo haya. Hofu hiyo tayari ilijibiwa. Mwaka 1943 Baba Mtakatifu Pius XII, katika waraka Divino Afflante Spiritu, aliwataka wafafanuzi watafute namna za kusema walizotumia waandishi wa kale wa Mashariki, kwa kuwa hazikuwa zetu. Na Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya mwaka 1965, ukafundisha vivyo hivyo. Nasaba ni namna mojawapo ya kusema. Inatangaza undugu, na undugu wa Israeli ulifungwa kwa agano. Yoshua 24, huko Shekemu, inawaweka watu mbele ya uchaguzi: baba zao waliabudu miungu mingine ng'ambo ya Mto, na nchi wanamokaa ina miungu yake, leo wachague. Mtu haambiwi kuchagua babu yake. Mungu ndiye anayechaguliwa pale, na waliomchagua pamoja wakawa wana wa baba mmoja.

Tusifikiri, hata hivyo, kwamba agano lilifuta ukali wa kabila. Waamuzi 12 inasimulia watu wa Gileadi wakilinda vivuko vya Yordani dhidi ya Efraimu, ndugu zao. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno shiboleti. Aliyesema siboleti alichinjwa. Kitabu kinahesabu waliokufa 42,000. Sura za 19 hadi 21 zinasimulia jinsi makabila yote yalivyomshambulia Benyamini mpaka wakabaki wanaume 600, kisha wakakaa chini wakalia kwa sababu kabila moja limepungua katika Israeli. Walioandika hawakuficha. Kizuizi cha njiani, swali la lugha, matamshi ya herufi moja yanayoamua nani aishi: wasomaji wetu wengine hawahitaji ufafanuzi.

Imebaki habari ya makabila "yaliyopotea". Mwaka 722 K.K. hivi Samaria ilianguka mikononi mwa Waashuru, na mfalme Sargoni wa pili anadai katika maandishi yake kuwahamisha watu 27,000 na zaidi. Wengine walibaki, wengine walikimbilia Yuda. Na karne nyingi baadaye Luka 2 inatuonyesha hekaluni mjane Ana, binti Fanueli, wa kabila la Asheri. Hakuwa amepotea. Hata hivyo hadithi ya makabila kumi yaliyotoweka ilienea duniani, na kila bara likatafutiwa Waisraeli wake. Kwetu ilichanganyika na hadithi nyingine, ile ya wana wa Nuhu. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863 kuhusu chanzo cha Nili, alidai kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu walikuwa wageni kutoka Ethiopia, akazichukua nasaba za Biblia kama jedwali la mbari. Waliomfuata walilikuza jambo hilo, na katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji huko Rwanda ukaandika kabila la kila mtu katika kitambulisho. Kilichowapata Wativ mahakamani kikawapata watu wote: nasaba iliyokuwa ikipumua ikafungwa katika karatasi. Hapakuwa tena na nafasi ya Kalebu kuwa mwana wa Hesroni.

Linganisheni na ukurasa mmoja ulioandikwa uhamishoni Babeli, wakati Israeli haikuwa na ardhi hata kidogo. Ezekieli, yule yule aliyeutajia Yerusalemu wazazi wake, anaigawa nchi upya katika sura ya 47 na 48, kabila kwa kabila, kuanzia Dani upande wa kaskazini. Rubeni yumo, Simeoni yumo, wote waliofifia wamerudishiwa sehemu yao. Na kabla ya kugawa, katika aya ya 22 na 23 ya sura ya 47, anaweka sharti kwa ajili ya wageni wanaokaa kati yao na kuzaa watoto kati yao: wahesabiwe kama wazaliwa wa Israeli, wapige kura ya urithi pamoja nao, na kila mgeni apewe shamba lake katika kabila lile lile anamokaa.